Nyamrerwa na Muuguzi katika Nyanza ya Kusini



Kila mwaka kitabu hiki huonyesha michango na gharama za mazishi. Mara hii tumeona vema kuandika habari za kuzaliwa. Twakusanya kwa bidii fedha za kusafirisha maiti hata nyumbani, lakini hatujawahi kuchangia nauli ya mama mja mzito.

Nchi tuisemayo iliitwa Kavirondo ya Kusini, kisha Nyanza ya Kusini. Leo ni kaunti za Homa Bay na Migori. Zamani uzazi ulikuwa mikononi mwa nyamrerwa, mkunga wa kijiji, aliyejua mizizi na kumkanda mama. Mwaka 1906 Waadventista walifika Gendia, na mwaka 1925 hospitali yao ikafunguliwa Kendu. Wakati huohuo kulikuwa na Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo, kilichoanzishwa mwaka 1923 na kasisi Walter Owen, ambacho twaweza kukiita babu wa vyama kama chetu. Wanachama wake walitakiwa kuchimba vyoo na kuua panya. (Tusicheke, panya alileta tauni.)

Hospitali na nyamrerwa hawakupatana. Yeye alilaumiwa kwa kila kifo, na akina mama wakaitwa wajinga kwa kumwendea. Sisi hatukubali neno hilo. Njia ilikuwa mbali, mito ikifurika wakati wa masika, na tangu mwaka 1989 hospitali za serikali zilidai malipo. Tarehe 1 Juni 2013 malipo ya kuzalia yalifutwa katika hospitali hizo, lakini umbali haukufutwa, wala maneno makali ambayo baadhi ya wake zetu waliyapata mlangoni.

Huko Lwala, karibu na Rongo, njia nyingine ilionekana. Milton Ochieng' alipopata nafasi ya masomo Marekani, wanakijiji waliuza kuku na ng'ombe wakapata dola 900 za nauli ya ndege. Wazazi wake walifariki kwa UKIMWI. Yeye na nduguye Fred waliikamilisha zahanati ambayo baba yao aliitamani, ikafunguliwa mwaka 2007. Nyamrerwa hakufukuzwa. Alifunzwa dalili za hatari, akalipwa, akapewa kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na kumsindikiza mama hata kwa muuguzi. Mama huenda upesi akiwa na mtu amwaminiye.

Na kazi ya muuguzi mwenyewe? Katika Migori, pamoja na Busoga ya Uganda, hospitali na vituo 20 vilijaribiwa kwa ajili ya watoto wazaliwao kabla ya wakati au wadogo mno. Vyote vilipewa orodha ya mambo ya kukumbuka wakati wa uzazi. Nusu yake wauguzi waliongezewa mazoezi ya kuigiza hatari na mikutano ya kusahihisha kazi yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: katika kila watoto 100 wa namna hiyo, waliozaliwa wafu au kufa kabla ya siku 28 walikuwa kama 23 palipokosa mazoezi, na 15 palipokuwa nayo.

Mbele ya mkutano mkuu ipo hoja kwamba sehemu ya mfuko wa mazishi itengwe kwa nauli za waja wazito. Wazee wawili wa kamati wameipinga, wakisema mimba ni jambo la nyumbani. Watapewa nafasi ya kwanza kusema.