Kutoka Mtungi hadi Chupa: Historia ya Ulevi na Njia za Kupona Mjini Bujumbura

Swali la iwapo ulevi ni ugonjwa au ni udhaifu wa tabia limepata majibu tofauti kila zama, na mjini Bujumbura majibu hayo yamekwenda sambamba na mabadiliko ya kinywaji chenyewe: namna kilivyotengenezwa, mtu aliyekigawa, na saa ambazo kilipatikana. Tiba ya leo humtazama mraibu wa pombe, yaani mtu ambaye mwili na akili yake vimeizoea pombe hata akashindwa kuiacha ilhali anaona inavyomdhuru, kuwa ni mgonjwa anayestahili matibabu. Mtazamo huo una misingi imara. Hata hivyo, historia ya mji huu ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika inaonyesha kwamba ugonjwa huo hustawi pale kipimo cha unywaji kinapotoka mikononi mwa jamaa na kubaki kwa mnywaji peke yake, na kwamba njia za kupona zilizoota mizizi ni zile zilizomrudisha mtu miongoni mwa watu.

Katika Burundi ya wafalme, waliojulikana kwa cheo cha mwami, pombe kuu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni urwarwa, inayotokana na ndizi zilizoivishwa kwa siku kadhaa, zikakamuliwa kwa nyasi, kisha maji yake yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa ili yachachuke. Ya pili ni impeke, pombe ya mtama uliolowekwa ukaota, ukakaushwa, ukasagwa na kupikwa. Zote mbili huharibika baada ya siku chache, na kwa sababu hiyo aliyepika hakuwa na faida ya kuweka akiba, bali aliwaita majirani, nao wakanywa kwa mirija kutoka mtungi mmoja, kila mmoja kwa zamu na kwa nafasi aliyopewa na umri au heshima yake. Pombe ilifunga makubaliano ya mahari, ilipokea mtoto mchanga, iliwafariji wafiwa na kuthibitisha mapatano baada ya ugomvi. Hata mushingantahe, mmoja wa wazee waadilifu waliokabidhiwa kazi ya kusuluhisha migogoro, hakusimikwa bila ya kuwanywesha watu wa kilima chake, ingawa miongoni mwa sifa alizotakiwa kuwa nazo ilikuwamo kiasi katika maneno na matendo. Kileleni mwa utaratibu huo palikuwa na Umuganuro, sherehe ya mtama iliyoongozwa na mwami mwenyewe, ambayo ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, chini ya utawala wa Wabelgiji na shinikizo la wamisionari.

Haifai kudhani kwamba utaratibu huo haukuwa na walevi. Migomba huzaa mwaka mzima, na mtu mwenye kiu kubwa aliweza kuifuata mitungi kutoka boma hadi boma. Tofauti ilikuwa kwamba kunywa kwake kulionekana na wote, na aliyepitiliza alihesabiwa kuwa mtu asiyejiheshimu. Lawama zilimwangukia yeye, huku wenzake wakiendelea kushika mtungi na zamu.

Utawala wa kikoloni ulilitazama jambo hili kwa jicho jingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulitenga eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, ambamo biashara ya pombe kali iliwekewa mipaka, na mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliikaza mipaka hiyo. Ubelgiji ilipokabidhiwa Ruanda-Urundi chini ya Shirikisho la Mataifa, kifungu cha 22 cha hati ya Shirikisho hilo kilitaja biashara ya vileo pamoja na ile ya watumwa na ya silaha miongoni mwa maovu ya kuzuiwa. Kunereka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake ili kupata kinywaji kikali zaidi, kukawa kosa, na kanyanga, pombe kali ya kunereka, ikaendelea kutengenezwa kwa siri hadi leo. Hivyo ulevi wa Mwafrika uliingia katika maandishi ya serikali kama suala la amani na nguvu kazi, ingawa daktari wa Uswidi, Magnus Huss, alikuwa ameupa jina la kitabibu tangu mwaka 1849 kwa kueleza madhara yake ya kudumu katika mishipa ya fahamu na viungo vya ndani.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na mji wenyewe. Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa hadi uhuru wa mwaka 1962, ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani na ikawa makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Mitaa ya Waafrika ikakua, ikiwamo Buyenzi, ambako Waislamu wasemao Kiswahili waliweka makao na dini yao ikikataza pombe, na Bwiza, ambako kabare, yaani baa ndogo za mitaani, zilipata wateja wengi. Mwaka 1955 kikaanzishwa kiwanda cha bia kinachojulikana kwa jina la Brarudi, na Primus, bia iliyokwisha kupata umaarufu katika Kongo ya Kibelgiji, ikaanza kutengenezwa hapo hapo mjini. Bia ya chupa ilipindua mambo matatu kwa pamoja: haikuharibika upesi, kwa hiyo ilipatikana siku yoyote, iliuzwa kwa fedha, kwa hiyo mnywaji hakuhitaji mwaliko, na ilinyweka peke yake, kwa hiyo hapakuwa na mzee wa kugawa zamu. Kipimo kikawa mfuko wa mtu, na mfuko ulipotoboka, deni.

Mwaka uliofuata, 1956, Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka kwamba ulevi ni ugonjwa unaopaswa kutibiwa hospitalini kama magonjwa mengine. E. M. Jellinek, mtaalamu ambaye kitabu chake cha mwaka 1960 kilieneza fikra hiyo kuliko vyote, alikuwa mwangalifu zaidi: aliwagawa walevi katika makundi, na ni baadhi tu ya makundi hayo aliyoyahesabu kuwa na ugonjwa hasa. Wapinzani hawakukosekana: mwanafalsafa Herbert Fingarette alisema mwaka 1988 kwamba unywaji uliopindukia ni namna ya maisha iliyomzunguka mtu, hivyo si maradhi yenye sababu moja.

Burundi, kwa upande wake, ilijua njia ya kuacha pombe kabla ya kuwa na daktari wa kuutibu ulevi. Katika miaka ya 1930 uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, ulivuka mpaka kupitia vituo vya Waanglikana vya Buhiga na Matana, vilivyofunguliwa mwaka 1935, na waliookoka walitubu hadharani na kuuacha mtungi kabisa. Uamuzi huo ulikuwa mzito, kwa kuwa aliyekataa mrija alikataa pia meza ya wakwe na majirani. Aliweza kuubeba kwa sababu alipata ndugu wapya waliokutana kwa sala na kuulizana habari za nafsi zao. Mwaka huo huo, mjini Akron, Marekani, walevi wawili walianzisha Alcoholics Anonymous kwa msingi unaofanana: kukiri mbele ya wenzako, na kusimama kwa msaada wao.

Njia ya hospitali ilifunguka baadaye, pale Mabradha wa Upendo, shirika la watawa wa Kikatoliki lililoasisiwa Ubelgiji, walipoanzisha mwaka 1981 kituo cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu katika mtaa wa Kamenge. Vita vilivyozuka mwaka 1993 viliifanya Kamenge kuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia zaidi, na wagonjwa waliofika kituoni walibeba maombolezo, hofu na ulevi kwa pamoja.

Hapo ndipo hoja ya ugonjwa inapothibitika bila mabishano. Mraibu mzito anapokatiwa pombe ghafla, mwili huanza kutetemeka katika saa za mwanzo. Wengine hupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne wachache huchanganyikiwa, wakaona na kusikia visivyokuwapo, hali inayoweza kuua. Wosia wa wazee hauzuii degedege: huhitajika dawa za kutuliza zinazopunguzwa polepole, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Lakini hatua hiyo huchukua siku tu, na kazi ya miezi na miaka inayofuata, ambayo mazungumzo ya ushauri na dawa za kupunguza hamu huisaidia, hutegemea nyumba, ajira na marafiki ambao mgonjwa anawarudia.

Kwa hiyo jibu ambalo historia ya Bujumbura inalitoa lina pande mbili zisizopingana: ulevi ni ugonjwa ndani ya mwili wa mtu, na ni zao la mpangilio wa mji unaomzunguka. Wa kwanza unadai tiba bila lawama, na wa pili unadai sera kuhusu bei, saa za kuuza na matangazo. Upande huu wa pili ndio mgumu, kwa kuwa serikali inayosimamia afya ya raia inamiliki pia karibu asilimia 40 ya hisa za Brarudi, ambayo kwa miongo mingi imekuwa miongoni mwa walipa kodi wakubwa kabisa nchini. Madhali hazina inategemea chupa, daktari ataendelea kuachiwa peke yake kazi ambayo hapo zamani ilikuwa ya kilima kizima.