Kuasili wanyama: Safari ya mbwa na paka kutoka kituoni hadi nyumba mpya

MBWA au paka anayefikishwa katika kituo cha kuhifadhi wanyama huwa na njia chache mbele yake: kurudishwa kwa mwenyewe, kupata nyumba mpya, kubaki kituoni kwa muda mrefu, au kuuawa kwa sindano.

Utaratibu wa kuasili wanyama unakusudia kuipanua njia ya pili ili ile ya mwisho ipungue. Badala ya kununua mnyama dukani au kwa mzalishaji, mtu humchukua yule aliyetupwa, aliyepotea au aliyekosa mlezi, na kwa kawaida hutia saini mkataba wa kumtunza.

Chimbuko lake

Kituo kinachotajwa mara nyingi katika historia ya jambo hili kilianzishwa London mwaka 1860 na Bi Mary Tealby, katika eneo la Holloway. Wakati huo baadhi ya watu walimcheka kwa kuwahurumia mbwa wa mitaani katika jiji lililojaa watu maskini.

Bi Tealby alifariki dunia mwaka 1865, lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1871 kituo kilihamia Battersea, ambako kipo hadi leo, na mwaka 1883 kikaanza kupokea paka pia.

Nchini Marekani, Bi Caroline Earle White na wanawake wenzake wa Philadelphia waliunda chama chao mwaka 1869, wakafungua kituo cha mbwa waliookotwa mitaani. Hadi wakati huo, katika miji mingi mbwa wasio na wenyewe walikamatwa na kuuawa, wengine kwa kuzamishwa majini.

Wanafikaje kituoni?

Ni makosa kudhani kuwa mnyama aliyeko kituoni ni mkorofi aliyefukuzwa. Wengi hufika kwa sababu zinazowahusu binadamu zaidi kuliko wao wenyewe: mlezi amefariki, familia imehamia nyumba ya kupanga isiyoruhusu wanyama, au gharama za matibabu zimemshinda mwenyewe.

Chanzo kingine ni uzazi usiodhibitiwa. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne tu, hubeba mimba kwa wiki tisa hivi, na aweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ndiyo maana vituo vingi huwahasi madume na kuwafunga kizazi majike kabla ya kuwatoa, au humtaka mlezi mpya aahidi kufanya hivyo mnyama atakapofikia umri unaofaa.

Hatua za kuasili

Mnyama anapopokelewa hupimwa afya, hupewa chanjo na dawa za minyoo, kisha tabia yake huchunguzwa. Wahudumu hutazama kama anawaogopa watoto, kama anaelewana na wanyama wengine, na kama anaweza kubaki peke yake bila kufadhaika.

Kwa mbwa aliyeokotwa, huwepo muda wa kumsubiri mwenyewe. Nchini Uingereza muda huo ni siku saba. Huko pia mbwa hutakiwa kuwa na chipu ndogo ya utambulisho chini ya ngozi, na tangu Juni 2024 sharti hilo linawahusu paka wa England vilevile.

Baada ya hapo ndipo mwombaji huhojiwa. Ataulizwa aina ya nyumba anayoishi, kama ina uzio, nani atabaki na mnyama mchana, na iwapo wote waliomo nyumbani wameridhia. Vituo vingine humtuma mtu kuikagua nyumba hiyo, na vingi hutoza ada ya kusaidia kulipia chanjo na upasuaji.

Maswali hayo huwaudhi baadhi ya waombaji, lakini yana sababu. Mnyama anayerudishwa kituoni baada ya wiki chache amepoteza makazi kwa mara nyingine. Kwa hiyo kipimo cha kazi ya kituo si idadi ya wanyama waliotoka langoni tu, bali ni wale ambao hawakulazimika kurudi.

Siku za mwanzo

Wahudumu wengi huwapa walezi wapya kanuni nyepesi ya tatu tatu: siku 3 za hofu, wiki 3 za kuzoea ratiba ya nyumba, na miezi 3 za kujiona yuko kwao. Hizo ni takwimu za makadirio, kwani wapo wanaochukua muda mrefu zaidi.

Katika siku hizo mnyama anaweza kukataa chakula, kujificha chini ya kitanda au kujisaidia ndani. Inashauriwa apewe sehemu tulivu, asizungukwe na wageni, na asipigwe. Watoto nao wafundishwe kutomsumbua anapokula au kulala.

Mafanikio na matatizo

Mfano maarufu wa mafanikio ni paka Larry, aliyechukuliwa Battersea na kupelekwa katika makazi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Namba 10 Downing Street, Februari 2011 ili akamate panya. Hadi mwaka 2024 alikuwa ameishi humo chini ya mawaziri wakuu sita, kuanzia David Cameron hadi Keir Starmer.

Mbwa Major hakuwa na bahati hiyo. Joe Biden alimwasili kutoka kituo cha Delaware mwaka 2018, akaingia naye Ikulu ya Marekani Januari 2021. Baada ya visa vya kuuma watu, alipewa marafiki wa familia hiyo mwaka huohuo ili aishi mahali penye utulivu zaidi. Kisa chake kinaonyesha kuwa nyumba kubwa si lazima iwe nyumba inayomfaa kila mnyama.

Sheria nazo zimeusaidia utaratibu huu. Jimbo la California liliamuru kuwa kuanzia Januari 2019 maduka yasiuze mbwa, paka wala sungura isipokuwa wale waliotoka vituoni. England ilizuia mwaka 2020 uuzaji wa watoto wa mbwa na paka kupitia madalali, na Ufaransa ikapiga marufuku uuzaji wa mbwa na paka madukani kuanzia Januari 2024.

Hali ya Afrika Mashariki

Jijini Nairobi, chama cha KSPCA chenye kituo chake eneo la Karen huokoa wanyama na kuwatafutia mbwa na paka walezi wapya. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Hata hivyo, vituo vya aina hiyo bado ni vichache ikilinganishwa na mahitaji.

Katika ukanda huu, mbwa wengi wanaoitwa mbwa koko wana wenyewe. Hufungwa mchana au huachwa wajitafutie chakula, na wanapozaa watoto hutupwa jalalani au sokoni. Mara kwa mara halmashauri huamua kuwapiga risasi au kuwatilia sumu, hasa kunapotokea hofu ya kichaa cha mbwa.

Hofu hiyo ina msingi. Ugonjwa huo hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza ni nadra sana mtu kupona. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema kuua mbwa ovyo hakukomeshi ugonjwa huo. Kinachoukomesha ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo husika.

Hapo ndipo kuasili kunapogusa afya ya jamii nzima. Mbwa aliyechukuliwa kituoni akiwa amechanjwa na kufungwa kizazi hazai watoto wa kutupwa, na ana mtu wa kuulizwa habari zake.

Kabla ya kwenda kituoni

Anayekusudia kuasili anapaswa kujua kwamba mbwa wengi huishi miaka 10 au zaidi, na paka anayetunzwa vizuri anaweza kufikisha 15. Ahesabu gharama za chakula, chanjo ya kila mara na daktari wa mifugo, na apate ridhaa ya mwenye nyumba kama amepanga.

Vilevile asiwapite wanyama wazee. Watoto wa mbwa na paka hugombewa, ilhali mnyama mzima, ambaye tabia yake imekwisha kujulikana na ukubwa wake hautabadilika tena, ndiye mara nyingi hubaki kituoni muda mrefu zaidi.