Chumba Kimoja Mjini Paris

Ndugu msomaji, labda mwana wako yu karibu kwenda chuo kikuu. Mwaka wa kwanza ndio mgumu: mji ni mgeni, masomo ni mazito, wala hana wa kumwuliza. Sikiliza basi habari ya wanafunzi watatu.

Mwaka 1529, katika koleji ya Sainte-Barbe mjini Paris, Ignasi wa Loyola alianza masomo ya filosofia, naye alikuwa na miaka 38 hivi. Zamani, kwao Hispania, alishika masomo mengi kwa mara moja, asipate faida kubwa. Sasa alikaa chumba kimoja na vijana wawili: Petro Faber, aliyechunga kondoo utotoni huko Savoie, na Fransisko Ksaveri, mtoto wa wakubwa wa Navarra. Mwalimu alimwagiza Petro arudie masomo pamoja na Ignasi. Petro akamfafanulia Aristotele. Naye Ignasi akamtuliza Petro, ambaye moyo wake ulisumbuliwa na mashaka. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Fransisko alikawia kuwafuata, lakini mwishowe akakubali.

Tarehe 15 Agosti 1534, hao watatu na wenzao wanne waliweka nadhiri huko Montmartre. Mwaka 1540 Papa Paulo III akathibitisha Shirika la Yesu. Mwaka 1542 Fransisko alipita Malindi, akienda Uhindi.

Basi, wazazi, mwana akiaga, nauli na nguo hazitoshi. Mwulizeni pia: «Utasoma pamoja na nani?» Kidole kimoja hakivunji chawa.