Fonti na vichwa vya kurasa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu

Kabla ya herufi za Kirumi kuenea, wakazi wa Mombasa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa hati hiyo Mwalimu Sikujua alinakili mashairi ya Muyaka bin Haji katika karne ya 19. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P.J.L. Frankl, walichapisha mapendekezo ya kuisanifisha hati hiyo kwa kufuata Kiswahili cha Mombasa.

Anayeziweka hati hizi kwenye intaneti hutumia CSS, lugha ya kupangia sura ya kurasa iliyoidhinishwa mwaka 1996. Wengi huanzia kwenye kiunzi kilicho tayari kama Bootstrap, kilichotolewa mwaka 2011. Tangu toleo la 5, la mwaka 2021, kiunzi hicho kina faili maalumu la maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto. Ukurasa nao hutiwa alama mbili: dir="rtl" kwa mwelekeo na lang="sw-Arab" kwa lugha na hati.

Fonti ndiyo ya kuchaguliwa kwanza. Iwe na herufi za p, ch na v, ambazo hazimo katika alfabeti ya Kiarabu. Zikikosekana, kivinjari huziazima kutoka fonti nyingine, na neno hupoteza mshikamano wake.

Vichwa vina ngazi sita, h1 hadi h6. Katika Bootstrap 5, h1 kwenye skrini pana ni mara 2.5 ya maandishi ya kawaida, na h6 ni sawa nayo. Kimo cha mstari wa kichwa ni 1.2, kinachotosha herufi za Kirumi lakini huibana hati ya Kiarabu. Herufi p ina nukta tatu chini, na irabu ya i huwekwa chini yake tena. Alama hiyo ikigongana na mstari unaofuata, msomaji hawezi kutofautisha "pita" na "pata". Heri kimo kiongezwe hadi 1.8 au zaidi, kwa kadiri ya fonti.

Hati hii haina herufi kubwa, hivyo agizo la kuzikuza halifanyi kitu. Kutanua nafasi baina ya herufi nako hukata viungo vyake. Kichwa kitofautishwe kwa ukubwa, unene na rangi.