Mabishano ya mageuko na uumbaji Afrika Mashariki

Mabishano ya mageuko na uumbaji ni ubishi wa muda mrefu kati ya wanaosema kwamba binadamu ametokana na viumbe waliomtangulia, kwa mabadiliko ya taratibu ya mamilioni ya miaka, na wanaosema kwamba Mungu alimwumba mtu moja kwa moja akiwa katika umbo alilo nalo. Ubishi wenyewe ulianza Ulaya ukashika kasi Marekani. Afrika Mashariki umepata sura ya pekee, kwa sababu mifupa inayobishaniwa imefukuliwa hapa, na kwa sehemu kubwa imefukuliwa na mikono ya wenyeji. Tukio lake mashuhuri ni upinzani wa makanisa ya kiinjili, mwaka 2006, dhidi ya kuonyeshwa kwa Mvulana wa Turkana, kiunzi cha mtoto wa kale kilichofukuliwa Kenya, katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Chanzo

Charles Darwin alichapisha kitabu chake juu ya asili ya spishi mjini London mnamo Novemba 1859. Mwaka uliofuata mwanabiolojia Thomas Huxley na Askofu Samuel Wilberforce walikabiliana hadharani mjini Oxford. Mwaka 1871, katika kitabu kuhusu asili ya binadamu, Darwin alikisia kwamba wahenga wa mtu waliishi Afrika, kwa kuwa sokwe na gorila, wanyama wanaomkaribia zaidi, wako Afrika. Wakati huo hakuwa na mfupa hata mmoja wa kutoka bara hili wa kumtetea, na kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya walipendelea kutafuta kwingine, hasa Asia.

Marekani ubishi uliingia mahakamani. Mwaka 1925 jimbo la Tennessee lilipiga marufuku kufundisha mageuko ya binadamu katika shule za serikali. Mwalimu John Scopes alishtakiwa katika mji mdogo wa Dayton mwezi Julai mwaka huo, akatetewa na Clarence Darrow, huku William Jennings Bryan akisimama upande wa mashtaka. Scopes alitozwa faini ya dola 100, hukumu iliyotenguliwa mwaka 1927 kwa kasoro ya kisheria. Bryan alifariki siku 5 tu baada ya kesi kwisha. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1967, na mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kulazimisha shule za serikali kufundisha uumbaji kama sayansi.

Watoto wa misheni

Louis Leakey, mtu aliyefanya zaidi ya yeyote kuthibitisha kisio la Darwin, hakutoka katika nyumba ya wapinga dini. Alizaliwa mwaka 1903 katika misheni ya Kianglikana ya Kabete, baba yake akiwa Canon Harry Leakey, mmisionari aliyeshiriki kuitafsiri Biblia kwa Kikuyu. Louis alikua akisema Kikuyu kama watoto wa pale, na ujanani mwake alikusudia kuwa mmisionari kama baba yake. Dada yake Gladys aliolewa na Leonard Beecher, ambaye mwaka 1960 alikuwa Askofu Mkuu wa kwanza wa jimbo la Kianglikana la Afrika Mashariki. Dada mwingine, Julia, aliolewa na Lawrence Barham, baadaye askofu wa Rwanda na Burundi. Ukoo mmoja, basi, ulilisha kanisa na sayansi kwa wakati mmoja, jambo linalosahaulika mno pande hizi mbili zinapochorwa kama maadui wa kuzaliwa.

Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa mgonjwa kambini, mkewe Mary aliona kipande cha fuvu kikichungulia kwenye mteremko wa Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanganyika. Fuvu hilo, lililopewa jina la Zinjanthropus, lilipimwa umri wake kwa njia ya potasiamu na argoni, njia inayokadiria muda uliopita tangu jivu la volkano lipoe. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1961 yalikuwa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makadirio ya Louis mwenyewe. Kuanzia hapo mtu aliyetaka kukanusha mageuko Afrika Mashariki hakuwa tena na kitabu tu cha kukanusha. Kulikuwa na fuvu, na leo ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, Dar es Salaam.

Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za Laetoli, Tanzania, zilizokanyagwa na zamadamu, yaani jamaa wa kale wa binadamu, katika jivu la volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Zilifunikwa tena kwa udongo, na miti ya migunga ikaota juu yake hata mizizi ikaanza kuzitishia. Zilipofukuliwa na kuhifadhiwa upya katika miaka ya 1990, wazee wa Kimaasai wa eneo hilo waliitwa, wakaelezwa maana yake, na kondoo akachinjwa katika ibada ya kuwakabidhi ulinzi wa mahali hapo.

Kamoya Kimeu na Mvulana wa Turkana

Kamoya Kimeu, Mkamba, alianza kazi ya ufukuaji kwa akina Leakey mwaka 1960. Katika jamii yake kushika mifupa ya watu lilikuwa jambo la kuogopwa. Hakuwa na shahada, ila alikuwa na jicho ambalo wenye shahada walilitegemea kwa karibu nusu karne. Mwaka 1964 aliokota taya la zamadamu huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Baadaye aliongoza kikosi cha wafukuaji wa Kenya kilichosifika duniani.

Agosti 1984 kikosi kilikuwa kimepiga kambi kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Kamoya alivuka mchanga wa mto kwenda kutembea, na kwenye mteremko uliojaa kokoto nyeusi akaona kipande cha mfupa wa paji la uso, kidogo kama kiberiti na chenye rangi ile ile ya kokoto zilizokizunguka. Walipochekecha udongo vipande vingine vikatokea, na sehemu ya uso wa fuvu ikapatikana imeshikwa na mizizi ya mti wa miiba. Uchimbaji wa misimu kadhaa ulitoa mifupa 108 ya mtu mmoja, mtoto wa kiume wa jamii ya Homo erectus aliyekufa miaka milioni 1.5 hadi 1.6 iliyopita. Ubongo wake ulikuwa na ujazo wa sentimeta za ujazo 880, pungufu sana kuliko wa mtu wa leo. Urefu wake ulikuwa takriban sentimeta 160. Mwanzoni alikadiriwa kuwa na miaka 11 au 12, lakini uchunguzi wa meno umeshusha umri hadi miaka 8 au 9. Taya lake lina alama ya jipu mahali jino la utoto lilipong'oka, na huenda ndilo lililomuua. Hakuna kiunzi cha zamadamu wa enzi hiyo kilicho kamili kuliko hiki.

Makala ya kwanza ya kisayansi, ya mwaka 1985, ilikuwa na majina manne ya waandishi: Frank Brown, John Harris, Richard Leakey na Alan Walker. Jina la Kamoya halikuwemo katika orodha hiyo. Mwaka huo huo Rais Ronald Reagan alimkabidhi medali ya National Geographic katika Ikulu ya Marekani.

Kampeni ya 2006

Makumbusho ya Nairobi yalifungwa Oktoba 2005 kwa ukarabati mkubwa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Ilipojulikana kwamba Mvulana wa Turkana angekuwa kivutio kikuu cha maonyesho mapya, Askofu Boniface Adoyo, kiongozi wa kanisa la Kipentekoste la Christ is the Answer Ministries, alianzisha kampeni ya kupinga. Alizungumza kwa niaba ya madhehebu 35 ya kiinjili ambayo kwa hesabu yake yalikuwa na waumini milioni 10. Hakutaka mifupa iharibiwe. Alitaka iwekwe chumba cha nyuma, na maandishi ya kando yamweleze mtazamaji kwamba mageuko ni nadharia moja miongoni mwa nyingi. Yeye mwenyewe alikana katakata kuwa na nasaba na mvulana huyo.

Richard Leakey, mwana wa Louis na mkurugenzi wa zamani wa makumbusho hayo, alimjibu kwa hasira. Aliona kwamba mkusanyo huo ni moja ya vitu vichache vinavyoipa Kenya sifa duniani. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008 na mifupa haikufichwa.

Misimamo ya dini

Kanisa Katoliki halikushiriki kampeni hiyo. Waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1950 uliruhusu uchunguzi juu ya asili ya mwili wa mtu, mradi roho ikubaliwe kuwa imeumbwa na Mungu moja kwa moja, na Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II alisema kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Waadventista Wasabato, walio wengi Kisii na Upare, wana sababu yao ya kushikilia siku sita za kawaida: Sabato yao imesimama juu ya siku ya saba ya uumbaji, nayo ikiyumba kila kitu kinayumba. Mwaka 2015, katika mkutano wao mkuu wa San Antonio, waliweka msimamo huo wazi zaidi katika tamko la imani. Mmoja wao, George McCready Price, ndiye aliyeanzisha katika karne ya 20 hoja kwamba tabaka za miamba ni kazi ya gharika ya Nuhu, hoja ambayo leo wahubiri wa madhehebu mengine huirudia bila kumtaja.

Kwa Waislamu wa pwani umri wa dunia haujawa tatizo kubwa, kwani Kurani haitaji idadi ya miaka. Ubishi wao ni juu ya Adamu, aliyeumbwa kwa udongo.

Misimulio ya asili

Jamii za eneo hili nazo zina majibu yao juu ya asili ya mtu: Wakikuyu husimulia wazazi wao wa kwanza, Gikuyu na Mumbi, Wabukusu husimulia mume na mke wa kwanza, Mwambu na Sela, na Wanandi husimulia watu wa kwanza waliotoka katika mguu wa jitu.

Shuleni

Katika mtaala wa 8-4-4 wa Kenya, somo la historia la kidato cha kwanza liliweka bega kwa bega nadharia tatu za asili ya mtu: uumbaji, misimulio ya jadi na mageuko. Mwanafunzi alitakiwa kuzijua zote. Katika biolojia ya kidato cha nne, uumbaji ulitajwa kwa ufupi kabla ya mada ya mageuko kuanza. Mpangilio huo uliepusha ugomvi wa Tennessee, lakini uliwaacha wanafunzi wengi wakidhani kwamba nadharia ya kisayansi na simulizi ni kitu cha aina moja. Tanzania watoto hukutana na zamadamu na Olduvai kwa Kiswahili tangu shule ya msingi.

Hali ya sasa

Mvulana wa Turkana angali Nairobi, akiwa na namba KNM-WT 15000. Richard Leakey alifariki Januari 2022 na Kamoya Kimeu Julai mwaka huo huo. Mpango wa Leakey wa kujenga makumbusho mapya ya asili ya binadamu, yaitwayo Ngaren, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ulitangazwa mwaka 2019, mchoro wake ukiwa wa msanifu Daniel Libeskind.