Sheria Mbili za 1973 na Pikipiki ya Uani

Nyuma ya nyumba ninayoishi, mtaa wa Soweto jijini Mbeya, kijana mmoja amekuwa akiifumua pikipiki yake juu ya gunia kwa mwezi mzima. Ameng'oa vioo na kiti cha abiria ili kupunguza uzito. Amekata bomba la moshi. Amefunga nyuma sproketi yenye meno mengi zaidi ili chombo kichomoke mara tu klachi inapoachiwa, na ameurefusha kwa kuchomelea ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, ili gurudumu la mbele lisinyanyuke. Anajiandaa kushindana kwa mwendo wa mstari ulionyooka, wawili wawili, usiku, katika barabara kuu iendayo Zambia. Mwaka jana mwenzake mmoja alifia huko.

Wenzangu wengi huliona jambo hili kuwa la polisi. Mimi naona lina historia, nayo inaanzia katika barabara hiyohiyo.

Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya kusini. Mafuta na shaba vikaanza kupita Iringa na Mbeya kwa malori, katika barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliifananisha na jehanamu. Lami ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lori lililokatika springi katika mlima Kitonga halikuweza kungoja spea kutoka Dar es Salaam. Lilihitaji mtu wa kufua chuma papo hapo. Ustadi wa kukifanya kifaa kitende kazi ambayo hakikuundiwa umekuwa nasi tangu wakati huo.

Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria mbili ambazo sijaona zikisomwa pamoja. Ya kwanza iliunda SIDO, ili kuinua viwanda vidogo na mafundi wake. Ya pili ni Sheria ya Usalama Barabarani. Moja ilimtazama mtengenezaji, nyingine ikamtazama mwendeshaji. Anayetengeneza nyumbani ili akaendeshe barabarani amekuwa mtoto wa sheria ile ya pili peke yake: hukutana na dola anapokamatwa. Baada ya vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipoadimika na spea zikatoweka madukani, nchi iliendelea kutembea kwa mikono ya mafundi wa gereji bubu. Hata hivyo Sheria ya Nguvukazi ya 1983 iliweza kumhesabu mtu asiye na kazi inayotambulika kuwa mzururaji. (Neno lenyewe "bubu" linastahili makala yake. Gereji hizo zina kelele kuliko mahali pengine popote mjini.)

Pikipiki ya jirani yangu ni ya Kichina, na injini yake ni ya ukoo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliikusudia kwa nchi ambako matengenezo ni haba. Valvu zake husukumwa na vijiti virefu, utaratibu unaovumilia shida nyingi lakini usiopenda mzunguko wa kasi kubwa. Kijana huyu anaidai mbio injini iliyozaliwa kwa ajili ya uvumilivu. Tena anafanya hivyo katika mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko pwani, na tundu la kabureta lililopimwa kwa hewa ya chini humwaga petroli kupita kiasi. Hilo aliligundua mwenyewe kwa kuitazama rangi ya plagi. Ninao wanafunzi wenye shahada ambao wasingeligundua.

Lakini breki ni zilezile za kiwandani, na mshono ule wa kuchomelea hakuna aliyeukagua.

California ilipitia hali hii. Vijana waliokuwa wakibadilisha magari nyuani walianza kushindana katika maziwa makavu ya jangwani, kisha mitaani, na watu wakafa. Mwaka 1950 mashindano yalihamishiwa kwenye uwanja mdogo wa ndege huko Santa Ana, kwa kiingilio na saa ya kupimia; mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA, ambacho kiliweka kanuni za usalama na ukaguzi. Umbali wa robo maili, yaani mita 402, ukawa kipimo. Wakubwa hawakukubali kwa huruma. Walikuwa wamechoka kuzika.

Mbeya nayo ina uwanja wa zamani wa ndege, ndani ya jiji, ulioachia abiria wake Songwe mwishoni mwa 2012. Nasi hatuwezi kusema kwamba hatujui kusimamia mbio: Iringa imekuwa mwenyeji wa mashindano ya magari yenye jina la Mkwawa. Barabara hufungwa kwa kibali, magari hukaguliwa, gari la wagonjwa husubiri. Ndugu zangu mlio katika ofisi za halmashauri, utaratibu huo mnao mezani. Tofauti ninayoiona ni bei ya chombo na jina la mwenye chombo.

Juzi kijana alirudi na mkono ule kutoka kwa mchomeleaji. Nikamuuliza nani ataupima. Akaugonga kwa spana, akainamisha sikio, akaugonga tena.

"Umeshika, mwalimu," akasema.

Mbio ni Jumamosi.