Uchunguzi wa Saratani ya Mlango wa Kizazi Tandahimba: Jina la Kila Mama Liwe Daftarini

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani chache ambazo mhudumu wa afya anaweza kuzizuia kabla hazijaanza. Husababishwa na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa mwanamke mwenye kinga imara ya mwili, mabadiliko ya seli huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kabla ya kugeuka saratani. Muda huo unatosha kabisa kuyagundua na kuyaondoa. Hata hivyo, makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanaonesha kuwa zaidi ya wanawake 10,000 nchini Tanzania walipata ugonjwa huo katika mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 walifariki dunia.

Kwa mwanamke wa Tandahimba, wilaya ya Mkoa wa Mtwara iliyo juu ya Uwanda wa Makonde na kupakana na Msumbiji, kuchelewa kuna gharama ya pekee. Tegemeo kuu la wagonjwa wa kusini wanaohitaji tiba ya mionzi ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, jijini Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 500. Safari hiyo ina nauli, malazi, watoto wanaobaki bila mama na mikorosho inayokosa wa kuipalilia. Mabadiliko yale yale yakigunduliwa mapema, huweza kutibiwa karibu na nyumbani kwa dakika chache.

Kipimo kinachotumika zaidi katika ngazi ya msingi ni chepesi. Muuguzi au tabibu aliyefunzwa hupaka mlango wa kizazi asidi asetiki iliyozimuliwa, ambayo ni aina ya siki, kisha husubiri takriban dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe na kuonekana kwa macho. Mabadiliko madogo huondolewa kwa tiba mgando au kwa kifaa cha joto. Makubwa, au yanayotiliwa shaka kuwa saratani, hupewa rufaa. Majibu hupatikana papo hapo, na pale kifaa cha tiba kilipo, mama hutibiwa siku hiyo hiyo.

Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na kupanuliwa mwaka 2024 kwa wenye miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja, ni hatua kubwa. Lakini wasichana wa kwanza kuchanjwa watafikisha miaka 30 ifikapo mwaka 2034. Hadi wakati huo, karibu kila mwanamke wa Tandahimba mwenye miaka 30 hadi 50, umri unaolengwa na uchunguzi, atakuwa hakuipata. Kinga yake ni kupimwa.

Swali lililobaki ni namna ya kuwafikia wanawake wengi zaidi, na historia ya Uingereza ina somo. Kipimo kilikuwapo huko kwa miaka mingi, lakini kiliwafikia zaidi wale waliokuja wenyewe. Mwaka 1988 nchi hiyo ilianzisha mfumo wa kitaifa wa kumwalika kila mwanamke kwa jina na kumwita tena muda wake unapofika. Waliofikiwa waliongezeka kutoka asilimia 42 mwaka huo hadi asilimia 85 mwaka 1994. Kipimo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni orodha ya majina.

Tandahimba inaujua vema utaratibu wa orodha. Katika zao la korosho, mkulima husajiliwa, hugawiwa pembejeo kwa jina, na kilo zake hupimwa na kuandikwa na chama cha msingi. Kijiji kinachoweza kujua nani bado hajachukua salfa kinaweza pia kujua mama gani hajapimwa. Mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa na Serikali Januari 2024, unatoa watu wa kuifanya kazi hiyo nyumba kwa nyumba. Tofauti ni moja: orodha ya korosho husomwa hadharani, ya uchunguzi ni siri ya mteja na mhudumu.

Nafasi ya pili imo ndani ya kituo chenyewe. Mama huja zahanati kwa uzazi wa mpango, kumpima mtoto uzito au kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kila ujio ni fursa ya kumuuliza kama amewahi kupimwa. Kwa anayeishi na VVU, swali hilo halipaswi kusahaulika, kwa kuwa hatari yake ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya mwanamke mwingine, na mabadiliko ya seli huenda kwa kasi zaidi.

Ratiba nayo ifuate maisha ya wananchi. Kliniki tembezi ikipangwa katikati ya mavuno ya korosho itakuta nyumba tupu. Ikitangulia msimu, itakuta watu. Makungwi, ambao wanawake wa Kimakonde wamezoea kuzungumza nao mambo ya mwili bila haya, wanaweza kuondoa hofu ambayo bango haliwezi kuiondoa. Waume nao waelezwe kuwa kipimo hiki hakimtuhumu mtu kwa uasherati. Virusi hivi huwapata watu wengi katika maisha yao.

Mwisho ni ufuatiliaji. Mama aliyepewa rufaa asipofika hospitalini, kupimwa kwake hakukumsaidia. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wanapofikia miaka 35 na tena miaka 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Kwa zahanati ya kijiji, lengo hilo linaanzia kwenye daftari lenye safu tatu: amepimwa lini, majibu ni nini, ametibiwa wapi. Safu ya tatu isibaki wazi.